Naombeni ushauri: kodi ya printa imenichosha, kila programu ina ya kwake

kijana_wa_sinza
Wakuu, heshima kwenu. Natengeneza programu za mauzo za wenye maduka Kariakoo. Ziko tatu, zote Flutter (zana ya kutengeneza programu za Android na iPhone kwa kodi moja), zote zinachapa risiti kwa zile printa ndogo za Bluetooth za karatasi ya milimita 58. Kipande cha printa niliandika kwa Kotlin, lugha ya upande wa Android, kila kazi mpya ikija nakopi napesti. Sasa mteja mmoja kanunua simu mpya, programu ikagoma kuunganisha printa. Nikamrekebishia, wale wawili nikawasahau. Juzi saa mbili asubuhi napigiwa simu, foleni imefika nje. Nataka niitoe iwe plagini moja, yaani kifurushi kimoja kinachotumiwa na programu zote. Nianzie wapi? Halafu kuna mteja wa nne, huyo ni wa iPhone.

mtu_wa_tegeta
Nimefungua uzi wa kodi mbio mbio nikijua mwenye nyumba kapandisha 😂

mama_plagini
Pole mdogo wangu. Hilo la simu mpya nahisi ni ruhusa. Kuanzia Android 12, BLUETOOTH_CONNECT lazima mtumiaji aulizwe papo hapo, kuiandika kwenye manifesti (faili la ruhusa za programu) peke yake haitoshi. Iweke ndani ya plagini, utairekebisha mara moja tu.

Anza na `flutter create --template=plugin --platforms=android,ios`. Utapata na folda ya example, hapo jaribu na printa yenyewe mezani. Upande wa Dart, lugha ya Flutter, acha mambo matatu: tafuta, unganisha, chapa. Nembo ya duka na rangi ya kitufe si kazi ya plagini, ukiziingiza tu umerudi kulekule. Na miito ya MethodChannel (njia ya Dart kuongea na Kotlin) huku Kotlin inafikia kwenye thredi kuu, ile inayoendesha skrini. Ukifungua soketi (muunganisho na printa) hapohapo, printa ikiwa imezimwa skrini inaganda na muuzaji anaanza kukutukana.

fundi_tufaha
Kabla hujaandika Swift, lugha ya iPhone, hata mstari mmoja, geuza printa uisome. Nyingi za bei rahisi ni Bluetooth ya zamani, SPP, na iPhone haiongei nazo mpaka mtengenezaji awe na kibali cha MFi cha Apple. Tafuta yenye BLE (Bluetooth mpya ya umeme kidogo), utumie CoreBluetooth, maktaba ya Apple, na risiti uitume vipande vidogo vidogo. Maelezo ya NSBluetoothAlwaysUsageDescription kila programu iandike kwenye Info.plist yake (faili la mipangilio), la sivyo inajifunga yenyewe. Mac huikwepi, azima.

kijana_wa_sinza
Na kusambaza? Niipandishe pub.dev, ghala la wazi la vifurushi vya Flutter?

mama_plagini
Usikimbilie. Ukishapandisha toleo huko hulifuti, unaweza kulitangua tu ndani ya siku 7. Weka Git ya binafsi (hifadhi ya matoleo ya kodi), piga tagi, yaani alama ya toleo, kwenye pubspec (orodha ya vifurushi vya programu) taja `ref` ya tagi hiyo. Usielekeze kwenye `main`, tawi linalobadilika kila ukisukuma kodi, utakuja kuharibu maduka matatu kwa mkupuo.

kijana_wa_sinza
Shukrani wakuu. Kesho nazunguka Kariakoo kutafuta printa ya BLE kabla sijapokea kianzio cha huyu wa iPhone.

fundi_tufaha
Sema ukweli, umeshakipokea.

kijana_wa_sinza
Nusu tu.