Mashua inavuja kwenye mkuku: nikalafati upya kwa pamba au nimwage saruji?

MtoWaPangani
Habari wakuu. Nina mashua ya futi 24 niliyoachiwa na marehemu baba. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, ni mbambakofi, mbao ni za mwembe. Tangu upepo wa kusi uanze inaingiza maji. Zamani tulikumba ngama, maji yanayojikusanya ndani chini, mara moja kwa usiku, sasa kila saa, na juzi kijana wangu alisinzia upo wa kuchotea maji ukiwa mkononi. Nimeipwelesha ufukweni nikaikagua: maji yanatokea pale ubao wa kwanza unapokaa juu ya mkuku, kuanzia usawa wa mlingoti kurudi tezi, yaani nyuma, kama pima moja na nusu. Ncha ya kisu inazama kwenye mshono. Silikoni niliyopaka mwezi uliopita imebanduka kama gamba la nyoka. Jirani anasema nimwage saruji ndani nimalize kazi. Mashua hii ndiyo iliyonisomesha, sitaki kuiua. Nifanyeje?

Fundi_Matondoni
Ndugu yangu, saruji usiiguse. Mashua hunyumbuka kwa kila wimbi, saruji hainyumbuki. Itaachana na ubao, maji yatuame katikati, mti uoze nawe huoni. Niliwahi kuvunja saruji ya namna hiyo, chini yake mkuku ulikuwa unachoteka kwa kijiko.

Ngoja bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa. Toa pamba ya zamani yote, hata ile inayoonekana nzima. Kisha, kabla ya pamba mpya, gonga kila msumari wa ubao ule. Mzima hulia kwa ukali, uliolika huitika kama mti. Mshono haufunguki bure, kuna kitu kimeachia, na pamba haishiki ubao. Ukishapigilia mingine ndipo usokote pamba, nene kama kidole cha mwisho, uichovye mafuta ya nazi, uikamue, uishindilie kwa mikunjo midogo midogo. Usitumie nguvu zako zote: mbao zikinywa maji zitavimba, na pamba iliyojaa mno itausukuma ubao utoke. Juu yake paka deheni, chokaa na sifa, yaani mafuta ya papa.

NungwiKwetu
Fundi kamaliza. Sifa ikikosekana, shahamu ya ng'ombe inafaa. Na angalia saa: bamvua hutoka hadi chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo una saa tatu, nne tu za kazi. Usifungue mshono mrefu kuliko utakaoweza kuuziba kabla maji hayajarudi.

Mtwapa_Tanga
Boti yangu ni ya faiba, mkuku wake wa chuma umefungwa kwa bolti. Kiungo kilipovuja nilipaka gundi mara mbili bure, mpaka nilipofungua nati nikakuta bolti mbili zimeliwa na kutu. Ni lile lile alilosema fundi.

MtoWaPangani
Mrejesho. Misumari mitano iliyofuatana iliitika kama mti. Ilipotoka, kiunoni ilikuwa myembamba kama njiti ya kiberiti. Tumepigilia mipya kwenye matundu mapya, kila kichwa tumekizungushia uzi wa pamba wenye mafuta, tukakalafati kwa asubuhi mbili. Usiku wa kwanza majini iliingiza kidogo, nikakosa usingizi. Usiku wa tatu nilishuka na tochi nikapitisha kiganja juu ya mshono wote, kikatoka na mafuta ya nazi tu. Fundi, Mungu akuzidishie. Ile mitano nimeihifadhi kwenye kopo, kijana wangu ajifunze kuisikiliza.