Tunaenda Disney na mtoto ameacha pampasi wiki mbili tu, nimrudishie au nikomae?

MamaZuu_ATL

Habari zenu wadau, naombeni ushauri hasa wamama, na wababa pia wale mnaolea kweli sio wa kwenye picha tu.

Binti yangu ana miaka miwili na miezi kumi. Pampasi za mchana ameacha wiki mbili zilizopita na hapa nyumbani yuko vizuri kabisa, akibanwa anakuja kunivuta gauni "mama kojo", tunakimbia kwenye poti lake la njano, akimaliza tunapiga makofi na bibi yake anaongezea kigelegele, maisha yanasonga. Usiku bado namvalisha.

Sasa wiki mbili zijazo tunaendesha kutoka Atlanta mpaka Orlando, siku nne, na siku mbili kati ya hizo ni Magic Kingdom, ile paki ya Disney yenye kasri. Kuahirisha siwezi kwa sababu akishafikisha miaka mitatu naye anatakiwa tiketi, sasa hivi anaingia bure, na bei za zile tiketi mnazijua wenyewe.

Ningesema tutajikaza tu ila kuna balaa jingine. Jumamosi tulikuwa supamaketi akabanwa, nikampeleka choo cha palepale, si unajua vile vinavyojiflashi vyenyewe, basi mtoto hajamaliza hata, kaegemea kidogo mbele, choo kikanguruma FWAAA na yeye bado amekaa juu yake, maji yakamrukia matakoni. Alipiga yowe mpaka mama mmoja akagonga mlango kuuliza kama tuko salama. Tangu siku hiyo choo chochote cha nje ya nyumba anakaza miguu mlangoni, anasema "choo kinakula".

Mume wangu anasema mvalishe pampasi siku zote nne tukirudi tunaanza upya. Mama mkwe, yuko hapa kwetu amekuja kutoka Tanga, anasema ukimrudishia utamchanganya, halafu anamalizia kwamba watoto wake wote sita walikuwa wakavu kabla hata hawajajua kukimbia. Mi niko katikati hapo nasikiliza tu.

Waliowahi kwenda na mtoto wa umri huu mlifanyaje?

kiboko_wa_mbeya

Miaka miwili na miezi kumi ndo kwanza wiki mbili?? Aisee watoto wa Marekani mnawadekeza. Sisi tulikuwa tunakimbia uwanjani bila chupi, ukijikojolea unajua mwenyewe, wiki moja umeshanyooka.

BabaMapacha254

@kiboko buda, pale Main Street ya Disney amkimbize bila chupi kweli? Watu wameweka cinderella kwa T-shirt wewe unaleta matako 😂😂

Mama Zuu pole. Hiyo story ya choo imenikumbusha mbali, wangu walikuwa wawili, mmoja akiogopa mwingine naye anaogopa kwa niaba yake. Sisi kilichotuokoa ni vile vikaratasi vya njano vya ofisini vyenye gundi nyuma. Hiyo choo inajiflash kwa sababu kuna kijicho kwa ukuta nyuma kinaangalia kama mtu bado ako. Mtoto ni mdogo, akiinama ama akisonga kidogo kile kijicho kinadhani mtu ameenda, ndio inanguruma. Sasa ukibandika karatasi hapo juu yake kinadhani bado kuna mtu, inanyamaza kabisa. Mtoto amalize, avae, atoke nje asimame na wewe mbali, ndio ubandue. Na umwachie yeye mwenyewe abandike kabla akae, hapo ndio siri iko. Wangu walikuwa wanapigania nani atabandika.

Usimpeleke mara ya kwanza huko Disney lakini. Enda naye wiki hii hapo karibu na nyumba, choo yoyote, abandike tu, mtoke, hata kama hajakojoa.

BintiUnguja_Maskati

Assalam aleikum. Hebu mi nimtetee mama mkwe kidogo, kisha nimpinge.

Ni kweli watoto wa zamani waliacha mapema. Mama alikuwa anakaa chini kanyoosha miguu, anamkalisha mtoto kwenye miguu yake hapo chini karibu na vifundo, wanatazamana, anampigia "psss", na hilo lilianza mtoto hata hajajua kukaa sawasawa. Lakini semeni ukweli, pale aliyefunzwa ni nani? Mama ndiye alikuwa anajua saa za mwanawe, akiamka tu, akimaliza kunyonya tu. Na nepi zilikuwa za kitambaa, unafua kwa mkono unaanika, kila mtu alikuwa na haraka ziishe. Sasa mama mkwe asikutie unyonge, wewe mwenzio una kazi na pampasi ya duka. Ila hiyo "psss" mwibie, mtoto akizoea sauti hiyo nyumbani hata choo kigeni itamfungulia.

Jengine, hapo umesahau kuchamba! Mwanangu sisi tulipokwenda na wetu Ulaya mtihani ulikuwa huo, huku kila choo kina mpira wa maji, kule karatasi tupu, mtoto akawa hataki kunyanyuka anasubiri aoshwe. Beba chupa ya maji yenye mdomo mwembamba, maji ya vuguvugu ukipata. Mtoto aliyezoea maji ukimpangusa na karatasi kavu anahisi hajamaliza.

nesi_wa_watoto

Naongea kama mtu ninayewaona hawa watoto kliniki kila siku.

Kojo usiogope sana Mama Zuu. Cha kuangalia ni choo kikubwa. Mtoto akiogopa vyoo anabana, siku ya pili siku ya tatu kinakuwa kigumu, akija kukitoa kinamuuma, sasa ana sababu mbili za kubana. Halafu utumbo ukishajaa unakandamiza kibofu, ndio maana unakuta mtoto anayebana choo kikubwa anaanza kujikojolea kila saa na wazazi wanadhani amesahau mafunzo. Safari inachangia sana, chipsi na jibini kutwa, maji kidogo, ratiba imevurugika. Kwa hiyo beba matunda yake, na USIMPUNGUZIE MAJI ili asikojoe, Florida ni joto jamani, hilo kosa nimeliona mara nyingi.

Muda mzuri wa kumpeleka ni baada ya kula, nusu saa hivi, tumbo lenyewe ndo linasukuma. Asubuhi hotelini baada ya chai kaa naye chooni bila haraka kabla hamjatoka. Poti lake la njano beba, liwe kwenye buti ya gari.

Na kiboko_wa_mbeya, watoto wengi wanaanza kuonyesha dalili za kuwa tayari kati ya miezi 18 na 24 na wengine baadaye, kukauka mchana kwenye miaka mitatu ni kawaida kabisa. Usiku unaweza kwenda hadi miaka mitano na zaidi bila ugonjwa wowote. Akijikojolea usimgombeze, mbadilishe tu muendelee.

kiboko_wa_mbeya

Sawa nesi nimekuelewa. Ila mi nilikauka mapema 😎

BabaMapacha254

Tutauliza mamako

Mama_Kissimmee

Nimechelewa lakini mi naishi huku dakika chache tu kutoka kwenye hizo paki za Disney na nimeshapeleka wangu wawili na wageni wasiohesabika (ukiishi Kissimmee ndugu wote wanakukumbuka).

Pampasi au chupi? Mi nakwambia changanya. Barabarani na usiku mvalishe zile za kuvuta kama chupi, hakuna atakayekufunga. Ndani ya paki mvalishe chupi na ubebe nguo tatu kamili, soksi na VIATU, kila mtu anasahau viatu, kojo likishuka linaishia kwenye kiatu halafu mtoto anatembea peku juani.

Magic Kingdom ina jambo lake, maegesho hayako getini. Unaacha gari, unafika kituo kile kikubwa cha usafiri, ukaguzi wa mikoba ni hapo, halafu unavuka ziwa kwa feri au unazunguka kwa monoreli, halafu foleni ya geti. Vyoo vipo pale kituoni, mpeleke hapo hata akisema hana kitu. Watu wanaruka hatua hiyo kisha mtoto anabanwa katikati ya ziwa.

Ukishaingia nenda mpaka mwisho wa Main Street, kasri likiwa mbele yako, shika kushoto upande wa mgahawa wa Crystal Palace. Hapo jirani na huduma ya kwanza kuna Baby Care Center. Wengi wanadhani ni ya wanaonyonyesha tu. Kuna kiyoyozi, kumetulia, kuna vyoo vidogo vya saizi ya mtoto, miguu yake inafika chini. Kwa huyo wako anayeogopa ningeanzia hapo, choo cha kwanza akione kidogo kama yeye. Wanauza pampasi na waipsi pia zikikuishia. Kila paki katika zile nne ina kituo chake.

Foleni sasa. Kabla ya kuingia foleni yoyote, choo kwanza, hata ya mashua za "it's a small world", ukishakaa mle ni dakika kama kumi na hakuna kushuka njiani. Akibanwa katikati ya foleni mwambie mfanyakazi aliye karibu, wamezoea, mara nyingi watakuelekeza mmoja atoke naye mrudi. Kwenye Dumbo, vile vitembo vinavyoruka, wana sehemu ya watoto kucheza ndani wakati mnasubiri, hapo hamna presha. Mabembea makubwa ambayo mtoto haruhusiwi ulizia Rider Switch, baba anapanda wewe unabaki na mtoto, akirudi unapanda wewe bila kuanza foleni upya.

Angalizo: jirani na Dumbo kuna sehemu maji yanarushwa watoto wanalowa. Mtoto yeyote akiona maji yanaruka hivyo kibofu kinajibu. Na mkienda bwawa la hoteli, kwa mtoto ambaye bado ni ile pampasi ya kuogelea, sio hii ya kawaida, hii ya kawaida ikiingia majini inavimba kama mto.

MamaZuu_ATL

Jamani asanteni, nimesoma mpaka nimemsomea mama mkwe. Pale BintiUnguja aliposema "aliyefunzwa ni nani" amecheka mpaka akavua miwani. Tumeanza mazoezi ya vikaratasi supamaketi ileile, juzi amebandika kimoja ukutani, kimoja mlangoni na kimoja kwenye paji langu la uso, kukaa amekataa. Ila ameingia ndani. Nitarudi na ripoti.

MamaZuu_ATL

Nimerudi, wiki tatu baadaye, naona mnaniulizia kwenye inboksi kama nimemezwa na choo.

Njiani alivaa za kuvuta na bado tulisimama mara nne kwa ajili ya poti la njano nyuma ya gari, mara moja na mvua, mume kashika mwavuli.

Magic Kingdom siku ya kwanza, kituoni kwenye feri nafungua mkoba, vikaratasi hamna. Nimeviacha hotelini mezani! Mtoto kaona kile kijicho chekundu ukutani, akagandia mguu wangu. Mi jasho linanitoka. Mama mkwe yuko nje ya mlango anauliza kuna nini, nikamwambia mama, kile kidude ndo kinachomtisha. Akaingia, tukawa watatu kwenye choo cha mtu mmoja, akavua kanga yake begani akaitundika ukutani juu ya kile kijicho, akaminya kona nyuma ya bomba isidondoke. Akamwambia mjukuu wake, "limelala, nimelifunika shuka." Mtoto akatazama weee. Akakaa. Bibi akapiga "psss".

Nilitaka kulia pale chooni.

Baada ya hapo ikawa kila choo ni "bibi funika jicho". Vile vyoo vidogo vya Mama_Kissimmee alivipenda, akawa anataka kwenda hata hana kitu, tumeenda mara tano siku moja na nadhani mbili kati ya hizo alifuata kiyoyozi. Choo kikubwa siku mbili hakikutoka, nikaanza kumkumbuka nesi, siku ya tatu asubuhi baada ya chai na papai kikatoka hotelini bila shida.

Ajali zilikuwa tatu. Ya kwanza kwenye yale maji ya jirani na Dumbo, nilionywa. Ya pili usingizini kwenye kigari. Ya tatu usiku wa fataki, alikuwa amepanda mabegani kwa baba yake, yule yule aliyetaka pampasi siku zote nne. Kasri linawaka, watu wanapiga picha, nikamwona mume wangu amesimama kimyaaa hageuki, nikamuuliza vipi, akasema "shingo yangu ina joto."

Nguo za mtoto tulibeba tatu. Za baba hatukubeba.

Sasa hivi tumerudi na mchana yuko mkavu, tatizo lililobaki ni kwamba hata poti lake la njano, halina jicho wala umeme, anataka litandikwe kanga ukutani kwanza ndo akae. Na bibi anaondoka mwezi ujao na kanga yake. Kuna mtu anajua Atlanta wanauza wapi kanga?