Mrejesho: udongo wa shamba la matikiti maji Mkuranga

Niliuliza jinsi ya kuandaa kipande changu cha shamba hapa Mkuranga, ambacho upande wa juu ni kichanga na upande wa bondeni ni tifutifu zito linalotuamisha maji. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Kipimo cha udongo mlichonisisitizia kilionyesha pH (kipimo cha tindikali; namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi) ya 5.4, ilhali tikiti hustawi zaidi kati ya 6.0 na 6.8, hivyo nilichanganya chokaa ya kilimo mapema kabla ya kupanda, kwa kuwa chokaa huhitaji unyevu na muda ili ipunguze tindikali. Chokaa hiyo huongeza pia madini ya kalisi, ambayo upungufu wake huchangia matunda kuoza kitako.

Kwenye kichanga nilifukia samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa katika kila shimo, na sasa unyevu unadumu vizuri kuliko awali. Samadi mbichi niliiepuka kwa sababu huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Bondeni niliinua matuta ya sentimita 30, na hata baada ya mvua kubwa ya wiki iliyopita maji yalipita mifereji bila kugusa mashina.

Ndugu mliyenionya kuhusu sehemu iliyokuwa na matango, nimeiacha na kupanda mahindi, maana matango ni jamii moja na tikiti, na vimelea vya mnyauko fuzari (ugonjwa wa kuvu unaonyausha mimea) hukaa udongoni miaka mingi. Miche ya tikiti imeanza kutambaa, na majani yana kijani kizuri.