Ufa wa chumba cha nyuma

*Kikundi: Nyumbani Hamugembe, Bukoba*

Kaka Fundi: Shikamoo Mama, Ba Mdogo, Shangazi. Nimebandua lipu chumba cha mpangaji. [picha]

Kaka Fundi: Ufa uko palepale. Umeanzia kona ya dirisha, umepanda mshazari hadi kwenye gebo, ile pembetatu ya tofali chini ya paa. Kidole kinaingia.

Ba Mdogo: Marahaba. Huo si tuliuziba 2016? Piga lipu upya na rangi, Krismasi wageni wanakuja.

Kaka Fundi: Kwa heshima, Ba Mdogo, lipu iliuficha tu. Nimechokoa kati ya tofali kwa msumari, udongo unamwagika kama ugoro.

Mama: Tulijenga 1981, baada ya vita vya Kagera. Saruji ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Baba yenu aliiweka kwenye msingi na sakafu, kuta tukajengea udongo.

Da Mkubwa: Lakini nyumba ilihimili lile tetemeko la 10 Septemba 2016, na lilikuwa la ukubwa wa 5.9.

Kaka Fundi: Ilihimili ikiwa imechanika, dada. Ukuta wa tofali unabeba mzigo wa juu vizuri, ila tetemeko linausukuma ubavuni. Hapa hakuna linta, yaani mkanda wa zege na nondo wa kuzifunga kuta pamoja. Juu ya madirisha kuna mbao tu, na mchwa wameshazipitia. Kila ukuta utayumba kivyake, na gebo ndiyo itatangulia, maana juu haijashikwa na kitu.

Shangazi: Waitu, msinikumbushe. Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, niko uani namenya ndizi. Nikasikia mngurumo, nikadhani lori linamwaga mchanga. Kugeuka, gebo ya jirani imelala juu ya kitanda cha watoto. Walikuwa nje wanacheza.

Mama: Wiki nzima tulilala migombani.

Da Mkubwa: Hata Ihungo na Nyakato, shule kubwa zile, zilifungwa mpaka zikajengwa upya.

Ba Mdogo: Sawa, lakini hela ya linta nyumba nzima tunaitoa wapi?

Kaka Fundi: Tuanze na gebo. Tushushe tofali zote, tuzibe kwa mbao na bati, kusiwe na kizito juu ya vichwa vya watu. Linta tujipange kiangazi kijacho, kuta zote kwa pamoja. Linta ya kipande haifungi nyumba.

Da Mkubwa: Na mpangaji ameambiwa? Ana watoto watatu mle ndani, na kodi yake tunakula kila mwezi.

Kaka Fundi: Bado. Yuko sokoni.

Mama: Watoto wanalaza vichwa upande gani?

Kaka Fundi: Upande wa gebo, Mama.

Mama: Wahamie sebuleni kwangu leo hii. Magodoro yatatosha.

Ba Mdogo: Basi shusha hiyo gebo, mwanangu. Jioni nakutumia laki mbili za kuanzia. Rangi isubiri.

Da Mkubwa: Mbao na misumari juu yangu.

Kaka Fundi: Asanteni sana. Mama, nimechora penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, na tarehe pembeni. Kila Jumapili uangalie. Ukivuka mstari, nipigie hata usiku wa manane.

Shangazi: Mpangaji namwona huku barabarani, anarudi na ndoo zake.

Kaka Fundi: Naenda kumpokea. Nataka auone ufa kwa macho yake.