Mtoto wa miaka 2 anakataa wali na ugali, anataka biskuti tu

Mama wa Mbagala
Habari za leo, wazazi wenzangu. Binti yangu ametimiza miaka 2 mwezi uliopita. Kila sahani ya wali au ugali huigeuzia uso, ilhali akisikia pakiti ya biskuti ikifunguliwa hutoka mbio chumbani. Bibi yake, ambaye hushinda naye niwapo kazini, humpa mandazi na chai ya maziwa kila anapolia, akisema ni afadhali kuliko kushinda njaa. Usiku huamka kuomba maziwa. Sitaki kumlazimisha mtoto, wala sitaki kukosana na mama mkwe. Nifanyeje?

Baba Pacha
Pole, dada. Kwanza tazama kadi ya kliniki. Ikiwa mstari wa uzito unaendelea kupanda, punguza hofu, kwa kuwa mtoto ambaye uzito wake uliongezeka mara tatu katika mwaka wa kwanza huongeza kilo 2 hadi 3 tu katika mwaka wa pili, na hamu ya kula hupungua vivyo hivyo.

Muuguzi Mstaafu
Mwanangu, mimi ningeanza na hiyo chai. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha, na maziwa yakizidi nusu lita kwa siku hujaza tumbo bila kuleta chuma ya kutosha. Huyo hakatai chakula. Anakuja mkekani akiwa ameshashiba. Mpangie saa: uji asubuhi, papai saa 4, chakula saa 7, parachichi au kiazi kitamu saa 10, chakula cha usiku saa 1, na katikati apewe maji matupu. Sahani ikae dakika 20, kisha iondolewe bila maneno na bila kumfukuza na kijiko uani. Kinacholiwa unaamua wewe. Kiasi mwachie yeye. Chakula kigeni huenda akakikataa hata mara 10 kabla ya kukizoea, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tatu. Lakini uzito ukishuka, viganja vikipauka, au akianza kula udongo, mpeleke kituo cha afya, na huko uulize pia kuhusu dawa ya minyoo.

Mama wa Tanga
Nakubaliana na muuguzi, ila mkwe hakatazwi, hupewa kazi. Mimi nilimwomba wangu akaange dagaa waliotolewa vichwa, awatwange, na kuchanganya kijiko kimoja katika uji wa mjukuu. Tangu hapo akawa yeye ndiye mlinzi wa saa za kula. Karanga nazo zisagwe, kwani nzima humpalia mtoto mdogo. Biskuti tuliacha kuzinunua, basi.

Mama wa Mbagala
Ahsanteni sana. Nimezungumza na bibi jana usiku. Chai amekubali kuiacha, dagaa atawatwanga mwenyewe, lakini mandazi ameomba yabaki siku ya Jumapili, nami nimekubali.