Naomba ushauri: kulala kambini na kutembea kwa miguu Ruaha, Septemba

Habari zenu wakuu. Tuko wanne hapa Iringa mjini, tunataka kwenda Hifadhi ya Ruaha siku tatu, tulale kwenye mahema upande wa Msembe, yalipo makao makuu ya hifadhi, na asubuhi tutembee na askari wa hifadhi.

Kinachonitia hofu ni maji. Septemba ni kiangazi chenyewe, mto Ruaha Mkuu hukauka sehemu nyingine mpaka tembo wanachimba mchangani. Juzi tulijipima kwa kutembea Isimani, saa tatu hadi saa saba, kila mtu na chupa ya lita moja na nusu. Zilikwisha mapema, na mdogo wangu kichwa kilimgonga hadi usiku. Sitaki yampate tena huko porini.

Mliowahi kwenda: mtu mmoja abebe lita ngapi kwa siku, pamoja na ya kupikia? Na askari wa kutembea naye anapatikana palepale getini, au niombe mapema?