Salvator Mundi: nani kasema yote ni mkono wa Leonardo?

Wakuu, nimechoka kusikia eti Salvator Mundi (Kilatini, "Mwokozi wa Ulimwengu"), picha ghali kuliko zote duniani, ni ya Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia wa zamani, watu wanaongea utadhani mjadala umeshafungwa, umefungwa na nani?

Ni picha ya Yesu, mkono wa kulia anabariki, wa kushoto kashika tufe la kioo. 1958 iliuzwa mnadani London kwa pauni 45 na jina la Leonardo halikuwepo kabisa. 2005 ikanunuliwa New Orleans kwa dola 1,175, ikasafishwa, ikapakwa rangi upya, 2011 jumba la sanaa la National Gallery la London wakaitundika kama Leonardo kamili huku bado ni mali ya wafanyabiashara wanaotafuta mteja!! Novemba 2017 ikapigwa mnada Christie's New York, dola milioni 450.

Kinachoniuma ni ile lebo. Ubao ulikuwa umepasuka, uso umechubuka vibaya, rangi ya zamani imetoka sehemu kibao, sasa yale macho tunayoyatazama leo ni ya mchoraji au ya fundi aliyeyarekebisha juzi? Halafu wanaandika jina tupu, hakuna "inadhaniwa", hakuna "karakana ya Leonardo", yaani kazi ya wanafunzi na wasaidizi wake.

Na hilo tufe hebu livuteni karibu mlione. Chukua gololi ya kioo ishike mbele ya kanga, maua yanapinda, ukiisogeza mbali kidogo yanageuka juu chini. Kwenye picha mikunjo ya joho inapita nyuma ya kioo imenyooka tu. Leonardo huyu huyu aliyejaza madaftari kuhusu mwanga na jicho?

Sikatai kila kitu jamani. Dole gumba la mkono unaobariki lilichorwa kwanza sehemu nyingine likahamishwa, na anayenakili kazi ya mtu hahangaiki kuhamisha dole. Huo mkono nakubali, na zile nywele za pembeni pia. Ila mkono na nywele haviwezi kuubeba uso mzima.

Prado, makumbusho ya sanaa ya Madrid, 2021 kwenye katalogi yao wameiweka na kazi za karakana na zilizosimamiwa na Leonardo, sio zake mwenyewe. Makumbusho ya Louvre Abu Dhabi walitangaza kuionyesha 2018 wakaahirisha, kwenye maonyesho ya Leonardo ya Louvre ya Paris 2019 haikutundikwa, mpaka leo imefichwa, mtaalamu ataikagua vipi? Itolewe itundikwe hadharani, na pembeni yake iwekwe ile foto iliyopigwa baada ya kusafishwa, kabla hawajaujaza uso rangi mpya.